Vuli mbili na dalia za Shangazi

Simu ilikuja asubuhi ya Jumapili, katikati ya Novemba 2023, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Nilipokea nikasema shikamoo, na upande wa pili hapakuja marahaba. Kwa mama wa Tanga wa umri ule, salamu ikipita bila kuitikiwa ujue jambo ni zito. "Mwanangu, dalia zangu zinaanguka moja moja. Na nimefanya kila nilichoambiwa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyotoka nayo nyumbani. Kazi yangu ni kutunza bustani za watu hapa Entebbe, na mtu akisema amefanya kila alichoambiwa, mimi hutaka kwanza kujua aliambiwa na nani, na huyo aliyemwambia yuko wapi.

Mama huyu mtaani tunamwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo. Aliolewa huku miaka mingi iliyopita. Uwanja wake uko kwenye mteremko unaotazama ziwa, si mbali na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 kwa ajili ya kujaribu mimea ya kigeni, ionekane ipi itaikubali ardhi hii. Naye amekuwa akijaribu kwa kadiri ya uwanja wake: dalia ishirini za rangi mbalimbali, agapanthasi za buluu kando ya njia, kana nyekundu ukutani, jabera karibu na kibaraza. Yote ni maua ya kudumu, yale ambayo shina likifa mzizi hubaki ardhini na kuchipua tena.

Nilichokikuta Jumatatu

Kitanda cha dalia kilikuwa kimefunikwa nyasi kavu zilizochanganywa na maganda ya kahawa, unene wa kama sentimita 20, zimesogezwa hadi kugusa mashina. Dalia zenyewe zilikuwa zimekatwa shubiri moja kutoka ardhini. Kati ya zile ishirini, sita zilikuwa zimeng'olewa na viazi vyake, yaani ile mizizi minene yenye akiba ya chakula, kuwekwa kwenye kasha la mchanga stoo. Kumi na nne ziliachwa ardhini.

Nilipiga magoti nikafunua matandazo kwa mikono. Chini yake kulikuwa na joto, kama unapoingiza mkono kwenye jaa la mboji. Kigutu cha kwanza nilichokishika kilitoka bila kuvutwa. Shingoni, pale shina linapoungana na viazi, palikuwa pamekuwa kahawia na laini, na nyuzi nyeupe za kuvu zilikuwa zimetambaa kutoka hapo hadi kwenye udongo, zikijipanga kama feni ya mkono. Kati ya nyuzi hizo kulikuwa na vidonge vidogo vya mviringo, vingine vyeupe bado, vingine vimeshageuka rangi ya hudhurungi, ukubwa wa mbegu ya haradali. Wengi huvipita wakidhani ni mbolea ya dukani. Ni kuvu iitwayo Sclerotium rolfsii, na vidonge hivyo ndivyo akiba yake: hukaa udongoni miaka kadhaa vikisubiri joto, unyevu na kitu kibichi cha kula.

Kigutu cha pili kilikuwa na tatizo jingine. Hakikuwa na nyuzi, ila kilinuka. Nikakiinamisha, maji meusi yakamwagika kutoka ndani yake, kama unapoinamisha kikombe.

Shina la dalia lililokomaa lina uwazi ndani, kama bomba. Ukilikata ukaliacha limesimama, umetengeneza mfereji unaotazama mbinguni, na kila mvua inashuka moja kwa moja hadi kwenye moyo wa mmea, mahali yalipo macho yote ya kuchipua. Kati ya vile vigutu kumi na vinne, tisa vilikuwa na maji ndani.

Tuhuma za kwanza

Shangazi alikuwa tayari ameshasikia maelezo matatu kabla sijafika. Jirani alisema ni udongo. Mwenye duka la pembejeo alisema ni ugonjwa wa majani, akamuuzia dawa ya kupuliza. Wengine walisema ni El Niño tu, kila kitu kimeloa mwaka huu.

La duka nililiweka kando mapema: dawa inapulizwa majani, na mmea umeshakatwa hauna majani, na ugonjwa uko shingoni chini ya sentimita 20 za nyasi. La udongo lilikuwa na uzito kidogo, maana udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi hushika maji. Lakini dalia hizohizo zilikuwa zimekaa kwenye udongo huohuo tangu 2019 na kuchanua kila mwaka.

La mvua ndilo nililolifikiria zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Mvua za mwisho wa 2023 zilikuwa kubwa kupita kawaida sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Basi nikaenda kwa yule jirani, ng'ambo ya ua wa michongoma. Naye ana dalia, miche aliyopewa na Shangazi mwenyewe. Mteremko ni ule ule, udongo ule ule, na mvua ile ile ilizinyeshea. Hakuzikata wala hakuzitandazia. Zilikuwa zimelala kidogo kwa uzito wa maji, majani ya chini yana madoa, lakini zilikuwa hai na zina vitumba. Mvua peke yake isingeua za upande mmoja wa ua na kuziacha za upande wa pili.

Hapo nikarudi kibarazani, nikaomba nisikie alichoambiwa.

Sauti kutoka Uingereza

Mpwa wake anaishi Uingereza na anafanya kazi kwenye kitalu cha maua. Ni binti anayeijua kazi yake, na anampenda shangazi yake. Hilo linasikika katika kila neno. Mwanzoni mwa Oktoba alimtumia ujumbe wa sauti wa karibu dakika nane kwa WhatsApp. Niliusikiliza mara mbili. "Shangazi, sasa ni wakati wa kazi za vuli," alianza. Kata mashina ya dalia, bakisha shubiri. Chimba viazi, vigeuze juu chini siku kadhaa vikauke, vihifadhi kwenye mchanga mkavu mahali pa baridi. Au uviache ardhini na uvifunike matandazo mazito. Acha kutia mbolea. Safisha majani yaliyokufa. Gawanya mashina yaliyosongamana.

Hakuna kosa hata moja katika maneno yale. Kwa mtu aliyeko Uingereza mwezi Oktoba, ningeyarudia kama yalivyo.

Kasoro iko kwenye neno moja, na neno lenyewe ni letu. Tunapoeleza majira ya Ulaya kwa Kiswahili, kile kipindi cha majani kukauka na kuanguka kabla ya baridi tunakiita vuli, na wapo wanaokiita mapukutiko. Lakini Shangazi amekulia Tanga. Kwake vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, mvua fupi, wakati wa kupanda. Mpwa akasema vuli, mwezi ukawa Oktoba, na nje mawingu yalikuwa yanakusanyika. Neno likaingia bila kubisha hodi.

Nikamuuliza swali moja. Kwenye ujumbe mpwa alikuwa amesema, "majani yakishageuka meusi kwa jalidi ndipo ukate." Nikamwambia, Shangazi, siku uliyokata, majani yalikuwa na rangi gani?

Alikaa kimya kidogo. "Yalikuwa mabichi, mwanangu. Na vitumba vilikuwa vimejaa. Nilidhani jalidi ni umande."

Jalidi ni umande unaoganda kuwa barafu. Unaua majani ya dalia usiku mmoja, na kile cheusi kinachobaki ndiyo ishara kwamba mmea umefunga kazi na chakula chake kimeshashuka kwenye viazi. Entebbe hakuna kitu hicho. Shangazi alikata mmea uliokuwa katikati ya kula.

Mzee anayemlimia alijaribu kumwambia. Ni Mganda wa Busiro, na kwa lugha yao msimu huo ni ddumbi, mvua za pili za mwaka, kama zile za Machi hadi Mei zilivyo ttoggo. Alimwambia, "Nnyabo, hii ni ddumbi, mimea inakula sasa." Shangazi akamjibu kwamba wataalamu wamesema vuli. Huyu mzee hakupewa nafasi aliyostahili, na nilimwambia Shangazi hivyo, kwa adabu lakini wazi.

Kwa nini jambo jema kule likawa sumu huku

Kule, Oktoba mchana unafupika haraka. London mchana wa Juni unapita saa 16, wa Desemba haufiki saa 8. Mmea unausoma ufupi huo kama barua ya kuitwa kulala. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata dakika kumi. Hakuna barua inayokuja. (Ndiyo maana wanaolima vipandikizi vya krisanthemamu vya kuuza nje huwasha taa juu ya mimea mama usiku: ua lile husubiri usiku mrefu ili lichanue, na wao wanataka lizae vipandikizi, si maua.)

Kule, matandazo mazito ni blanketi. Udongo ukiganda, viazi vya dalia hufa, kwa hiyo unavifunika. Baridi hiyohiyo inaituliza kuvu. Huku matandazo yale yale yakisukumwa hadi shingoni mwa mmea wakati wa mvua hayazuii baridi yoyote, maana haipo. Yanashika joto na maji, yaani vitu viwili ambavyo kuvu ile inavitaka kuliko vyote, na nyasi zilizoloa zinazooza ni chakula chake. Mpwa hakuitaja kwa sababu kazini kwake haimsumbui.

Uganda zipo sehemu ambako blanketi la majani makavu lina maana, kama juu kabisa Rwenzori. Senesio kubwa za kule hubaki na majani yao yaliyokufa yamezunguka shina, na hayo huukinga mti na baridi ya kila usiku. Ukiyabandua, umeuvua nguo. Lakini Shangazi halimi Rwenzori.

Na kule, vigutu vyenye uwazi vina dawa yake. Waliochimba viazi huvigeuza juu chini ili maji yatoke kwenye bomba. Mpwa alilisema hilo. Shangazi alivigeuza vile sita alivyovichimba, lakini vile kumi na vinne vilivyobaki ardhini vingegeuzwaje? Vilibaki vimesimama kwenye mvua ya wiki nne.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na mimi nalipenda kuliko yote katika kisa hiki, ni kwamba dalia haikuumbiwa kiazi kwa ajili ya jalidi. Asili yake ni milima ya Mexico, ambako mwaka 1963 ilitangazwa ua la taifa. Huko inakua wakati wa mvua, na kiangazi kikifika inajificha ndani ya viazi vyake hadi mvua irudi. Wazungu walipoipeleka Ulaya, mapumziko ya ukame wakayageuza kuwa mapumziko ya baridi, na kalenda hiyo ndiyo iliyoandikwa vitabuni. Kwa hiyo dalia ya Entebbe ikitaka kulala, ilale kiangazi: Juni na Julai, au Januari hadi Februari. Hapo ndipo hali ya hewa yetu inapofanana na ya kwao.

Vile viazi vya stoo

Niliacha stoo mwisho kwa sababu niliogopa. Joto mle ndani lilikuwa la nyuzi 24 hivi. Viazi vya dalia hutaka mahali pa nyuzi 5 hadi 10. Viwili vilikuwa vimesinyaa kama tangawizi ya zamani. Vinne vilikuwa vimechipua gizani, machipukizi meupe marefu yanayotafuta mwanga. Kwa kweli vile vinne vilinipa matumaini kuliko kitu chochote siku ile, kwa sababu vilikuwa vinasema hali halisi: sisi hatujalala.

Tulichofanya

Tuliondoa matandazo yote siku hiyohiyo, hadi ardhi ikaonekana. Mimea yenye nyuzi nyeupe tuliichimba pamoja na udongo unaoizunguka tukaitia kwenye gunia. Shangazi alitaka kuipeleka kwenye shimo la mboji. Nilimkatalia, maana vidonge vile vingerudi bustanini mwezi wa tatu pamoja na mboji. Tuliifukia kwa kina cha zaidi ya mkono kona ya mbali ya kiwanja. Kuvu hii inataka hewa, na vidonge vikifukiwa chini sana vingi huishia hukohuko.

Vigutu vilivyobaki tulivichimba kimoja kimoja, tukaosha viazi, tukakata sehemu iliyooza hadi tuone nyama nyeupe safi. Kisu tulikuwa tunakichovya kwenye maji ya klorini kila baada ya mmea mmoja. Hapa mzee aliweka pembeni viazi vingine vinene na vizuri, akisema hivi vitapandwa. Nikamwonyesha kitu. Kiazi mbatata kina macho mwili mzima. Ukikikata vipande vinne unapata miche minne. Kiazi cha dalia hakina jicho mwilini. Macho yako shingoni tu, kwenye kipande cha shina la zamani. Kiazi kinene kilichokatika shingo kitakaa ardhini miezi mitatu, kitanenepa hata, na hakitachipua kamwe. Alikigeuza mkononi, akapapasa kwa kidole gumba, akakitupa. Akachukua kembamba chenye kivimbe chekundu kidogo shingoni, ukubwa wa punje ya mtama, akaniuliza kwa macho. Ndicho.

Tulipaka jivu kwenye majeraha, tukaviacha kivulini siku mbili, tukavipanda upande mwingine wa uwanja kwenye matuta yaliyoinuliwa sentimita 30. Vinne vya stoo vilipandwa pamoja navyo. Matandazo yalirudi baadaye, mvua zilipopungua Desemba: vidole viwili tu vya unene, na shubiri nzima ya ardhi tupu kuzunguka kila shina. Huku matandazo ni ya kiangazi, ya kulinda unyevu. Na hata hapo angalia mchwa, maana nyasi kavu kwao ni karamu.

Majirani wa dalia

Maua mengine yalipata amri zile zile siku ile ile, na kila moja lilijibu kivyake, jambo lililonisaidia kuthibitisha chanzo. Kana zilizokatwa hadi ardhini hazikujali hata kidogo. Mizizi yao minene inapenda joto na maji, na nilipofika zilikuwa zimeshatoa majani mapya ya kimo cha goti. Kwa kana, kata shina lililokwisha kuchanua wakati wowote wa mwaka.

Agapanthasi zilikatwa majani yote kama dalia. Hizi za Shangazi ni za aina isiyopukutisha, asili yake kusini mwa Afrika, na majani ndiyo jiko lake. Hazikufa, lakini zilikaa zimenuna hadi katikati ya mwaka uliofuata bila hata ua moja. Kuzigawanya kwenyewe hakukuwa kosa, maana mwanzo wa mvua ndio wakati wake huku. Kosa lilikuwa kugawanya na kunyoa siku moja.

Jabera zilikufa zote. Moyo wa jabera unatakiwa kukaa juu kidogo ya udongo, uone hewa. Ukiufukia kwa matandazo wakati wa mvua unaoza ndani ya wiki chache.

Baada ya hapo

Kati ya dalia ishirini, tisa zilipona. Ile ya zambarau iliyokolea, aliyopewa na marehemu mumewe, haikuwa miongoni mwao, na hilo halina dawa. Hata kwa jirani haikuwepo; aligawiwa nyekundu na njano tu.

Tulimpigia mpwa pamoja siku ya Ijumaa moja, Shangazi akiwa ameshaitikia marahaba yake vizuri. Binti alilia. Nilimwambia kazi yake aliielekeza sawasawa, na nikamwomba kitu kimoja: akizungumza na sisi wa huku, ile ya kwao aiite mapukutiko, vuli atuachie sisi. Tangu hapo ndivyo anavyosema. Kabla ya kutoa ushauri anauliza kwanza mvua imefika wapi, na Shangazi humpa simu mzee ajibu, yeye akitafsiri.

Juni 2024, mvua za ttoggo zilipokatika, tuliacha kumwagilia zile tisa. Majani yaligeuka manjano yenyewe, taratibu, kuanzia chini. Tulikata Julai, na kila kigutu tulikivalisha kopo la plastiki lililopinduliwa, kuzuia mvua za ghafla zisiingie kwenye bomba. Mwisho wa Agosti machipukizi yalitokea pembeni mwa vigutu.

Kile kitanda cha zamani hakijarudishiwa ua. Vidonge vya kuvu bado vimo, na mahindi hayaathiriwi na kuvu ile kwa urahisi, kwa hiyo mzee amepanda mahindi kwa misimu mitatu mfululizo, mbele kabisa ya nyumba, mahali wageni wanapopita. Mwanzoni Shangazi aliona aibu. Novemba hiyo, mwezi ambao Waganda huuita Musenene kwa sababu ya senene, alinipelekea mahindi matano ya kuchoma kwa kijana wa boda, yamefungwa kwenye gazeti pamoja na ua moja la dalia nyekundu.